Nilimpikia Baba Mkwe Samaki Siku ya Krismasi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa watoto wawili wa kike, umri wangu miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Tabora mjini. Mume ninaye. Talaka sijapewa. Lakini mtu akiniuliza kama nimeolewa, siku hizi nakaa kimya kwanza... ndipo namjibu.

Nyumba za wenzangu zinavunjwa na pombe, na michepuko, na maneno ya mashoga. Yangu imevunjwa na samaki! Cheka kama unataka kucheka. Hata mimi ningecheka kama ningesoma kwamba haya yamempata mtu mwingine.

Niite Zuhura. Kwetu ni watu wa mjini wa siku nyingi. Wanasema bibi wa bibi yetu alifika na watu wa pwani enzi za misafara, na cha pwani kilichobaki kwetu ni dini na nazi. Kwa mama yangu sikukuu haipiti bila tui kuonekana jikoni. Nami nilirithi mkono wake, na sioni haya kusema kwamba mtaani kwetu kukiwa na shughuli naitwa mimi kwanza, ndipo zinatafutwa sufuria. Nilikuwa najivunia sana jambo hilo.

Mume wangu nilimkuta akiitwa Simoni. Alikuwa akinunua mpunga vijijini na kuuleta mashineni, karibu na nyumbani kwetu. Mtu mpole, anaongea kwa kituo, akicheka anacheka na macho kwanza. Kwao ni kijiji kimoja upande wa Isikizya, familia ya Kimoraviani, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa anayeheshimika. Mama yake alikwishafariki. Walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake anayemfuata, Rahel.

Tulipopendana, wazazi wangu walisema hawana neno naye, ila binti yao hataolewa nje ya dini. Simoni akasilimu, akaitwa Salumu. Hakuna aliyemlazimisha, naapa! Alikwenda mwenyewe kwa baba yake kumweleza. Alimkuta mzee anasuka kamba uani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya." Akaingia ndani. Hakuja kwenye ndoa yetu, hakutuma mtu, wala hakuwahi kututukana. Alinyamaza tu, na kimya chake kikadumu karibu miaka tisa.

Bora angetukana! Aliyekutukana unaweza kumfuata ukamuuliza kosa lako. Aliyenyamaza utamuuliza nini?

Miaka yote hiyo niliyaona mateso ya mume wangu kila ilipofika Krismasi. Siku za kawaida alikuwa Salumu, anaswali, anafunga, anataniana na shemeji zake. Lakini siku hiyo, kengele za makanisa zikianza kulia asubuhi, alikuwa anachukua kiti na kwenda kukaa nyuma ya nyumba, ameupa mlango mgongo. Chakula hagusi. Watoto nilikuwa nawazuia wasimsumbue. Mara moja nilimfuata nikamuuliza anawaza nini. Akaniambia, "Saa hizi mzee anachinja jogoo."

Ndipo akanisimulia. Kwao Krismasi ni jogoo wa mzee. Kila mwaka baba yake huchagua kifaranga dume mmoja, anamlisha kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kumgusa. Siku yenyewe wakitoka kanisani, watu wote wa nyumba wanasimama uani, mzee anasema sala fupi, anachinja. Kisu ni kile alichoachiwa na baba yake. Na katika nyumba ile, maadamu baba yupo hai, mtoto hashiki kile kisu. Kukishika ni kama kusema baba amekwisha.

Sijui kama hiyo ni desturi ya Wanyamwezi wote au ni ya nyumba ile tu. Mimi nililisikia hilo, nikaliweka kichwani, na siku ilipofika nikalitumia vibaya.

Mwaka juzi, mvua zikiwa zimeanza, simu ya mume wangu ililia. Alikuwa Rahel. Huyu wifi yangu aliwahi kuolewa, mumewe akamrudisha kwao, na tangu hapo ndiye aliyekuwa anakaa na mzee. Mzee mwenyewe hakuwa na simu. Rahel akasema, "Kaka, baba anataka kuongea na wewe."

Mzee hakuwa ameizoea simu. Alikuwa anapaza sauti mpaka mimi niliyekuwa jikoni nikamsikia. Alisema, "Krismasi hii mje. Uje na mkeo na watoto. Tutakula pamoja." Kisha akasema, "Yapo na mengine, Rahel atawaeleza." Simu ikakatika.

Jamani, mume wangu alilia! Mwanamume mzima alikaa chini sakafuni akalia mbele ya wanawe. Nuru, mtoto wetu mkubwa, alikuja mbio kuniita akidhani baba yake anaumwa.

Kesho yake nilimpigia Rahel mimi mwenyewe nikamuuliza hayo mengine ni yapi. Akanijibu, "Aa wifi, ni habari za kuwahi tu. Anataka mfike asubuhi." Nikamshukuru, nikakata simu.

Basi nikaanza kuwaza chakula. Na hapa, wasomaji, naomba mnifuate polepole. Nilijua jogoo atachinjwa na mzee, kwa mkono wake, kwa sala yake. Nilivyolelewa mimi, nyama hiyo siwezi kuila, wala watoto wangu, wala mume wangu. Sasa tutafanyaje? Twende baada ya miaka yote hiyo tukakae kwenye mkeka wake tukatae nyama yake? Au mume wangu aseme, "Baba, nipe nichinje mimi"? Amnyang'anye mzee kisu siku ya kwanza tu anayokaribishwa? Au tuchinje kuku wetu mjini twende naye kwenye bakuli, ili nyumba moja iwe na sufuria ya Waislamu na sufuria ya Wakristo? Kila njia niliyoigeukia niliiona mbaya.

Siku moja niko sokoni, nikaona sato wakubwa ndio kwanza wanapangwa mezani, wamekuja na basi la Mwanza kwenye barafu. Nikasimama. Samaki! Samaki hachinjwi! Hana habari na kisu cha Mkristo wala cha Mwislamu. Nikiwachoma na kuwapaka nazi, kama mama yangu anavyofanya, tutakula sinia moja, kuanzia mzee mpaka Sada wangu mdogo, na hakuna atakayemtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Nilicheka peke yangu pale sokoni. Nilijiona nina akili kuliko masheikh na wachungaji wote wa Tabora!

Nilipomwambia mume wangu, alifikiri, akasema, "Mama Nuru, tungemuuliza mzee kwanza."

Nikamrukia. Nikamwambia zawadi gani hiyo ya kuuliziwa, nataka nimfurahishe mzee ghafla, na kwani yeye haniamini? Akasema ananiamini. Mume wangu hajui kushindana na mdomo wangu.

Hata hivyo, kwa adabu, nilimpigia tena Rahel. Yeye akapiga kigelegele kwenye simu! Akasema, "Samaki wa nazi! Wifi, hapo umewaza. Na mzee mwenyewe meno yenyewe yako wapi siku hizi? Wewe leta, mimi nitamweleza." Ningepata wapi shaka? Si ndiye anayelala nyumba moja na mzee?

Siku ikafika. Tulikodi gari la jirani yetu, Noah. Nilibeba sato kwenye ndoo ya barafu, nazi, ndimu, mbuzi ya kukunia, mpaka mkaa wangu, kwa kuhofia kuni za kijijini zitanitilia moshi kwenye tui. Njia ilikuwa na matope, mahindi yamechipua pande zote mbili, na watoto waliimba mwanzo mpaka mwisho. Baba yao alikuwa amewafundisha salamu ya kwao ya asubuhi, "Mwangaluka," basi wakawa wanashindana nani ataitamka vizuri mbele ya babu. Mume wangu alikuwa anawasahihisha na kucheka. Sikuwa nimemwona na furaha ya namna ile tangu anioe.

Tulipofika, mzee alikuwa bado kanisani. Rahel alitukumbatia mmoja mmoja. Pembeni ya jiko alikuwa amefungwa jogoo mwekundu, kamba mguuni, mkubwa sijapata kuona, mpaka Sada akajificha nyuma ya gauni langu. Nikamuuliza Rahel mbona jogoo amefungwa, hakumwambia mzee habari ya samaki? Akasema, "Nilimwambia. Hayo ni mazoea tu, wazee unawajua." Tukawasha mkaa. Alikuna nazi yeye mwenyewe, huku ananipigia stori na kucheka. Mpaka leo kile kicheko nakisikia.

Mzee akarudi. Koti jeusi, fimbo, kitabu cha nyimbo kwapani. Watoto wakapiga magoti wakasema kwa pamoja, "Mwangaluka!" Mzee aliwashika vichwa, huyu mkono huu na huyu mkono huu, akabaki amewashika hivyo. Nami nikapiga goti. "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Mimi!

Kisha akamgeukia mume wangu. Akasema, "Karibu nyumbani, Salumu."

Wasomaji, jina hilo hakuwahi kulitamka! Alilitamka kwa shida, taratibu, ikaonekana wazi kwamba alikuwa amejifunza kulisema. Mume wangu alishika nguzo ya baraza. Lau ningekufa dakika ile, ningekufa nikiwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote.

Mzee akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe. Akaenda kusimama karibu na jogoo, akakifungua. Kilikuwa kile kisu, kimenolewa mpaka kinang'aa. Akainua macho, akamtafuta mume wangu, akafungua mdomo...

Nikawahi mimi! Nilidhani anataka kuchinja, nikaona mipango yangu inaharibika mbele ya macho yangu. Nikatoka jikoni nafuta mikono kwenye kanga, nimejaa tabasamu, nikasema, "Baba, leo pumzika. Nimepika samaki, hatuna haja ya kisu hicho. Tutakula sote."

Hatuna haja ya kisu hicho. Niliyasema kwa kinywa changu, mbele ya mwanawe na wajukuu zake.

Mzee alinitazama. Akamtazama Rahel kwa namna ya kumuuliza jambo. Rahel akainamisha kichwa, akasema taratibu, "Ndivyo walivyopenda wenyewe, baba."

Mzee akamtazama mwanawe. Na Salumu, ambaye hakujua lolote, naye akatabasamu! Akasema, "Ndiyo, baba. Zuhura anapika vizuri sana."

Mzee akakifunga kisu kwenye kitambaa chake. Akainama, akamfungua jogoo kamba, akamwacha aende zake. Akarudi ndani.

Chakula kilikuwa kitamu, nasema kweli. Samaki alikauka vizuri nje, ndani laini, nazi imemshika. Tulikula sinia moja kama nilivyotaka. Mzee alimega wali kidogo, akachovya kwenye tui, na kipande chake cha samaki akakichambua miiba akampa Sada. Akasema, "Asante, mwanangu. Chakula ni kizuri." Hakuwa na hasira, hakusema neno baya. Nikamnong'oneza mume wangu, "Umeona?" Nilikuwa nimefurahi kweli! Najichukia kwa furaha ile kuliko kwa kitu kingine chochote.

Baada ya kula, mzee alisema amechoka, akaomba akapumzike. Tulipokuwa tunaondoka alitoka akasimama mlangoni. Aliwaaga watoto, akaniaga mimi, akampa mume wangu mkono. Akamwambia, "Safari njema, Simoni."

Kwenye gari hakuna aliyeimba. Nilimwambia mume wangu mzee amepitiwa tu, ni uzee, asilitie moyoni.

Tangu siku hiyo, tukipiga simu Rahel anasema mzee amelala. Mzee yuko shamba. Mzee kichwa kinamuuma. Mume wangu alikwenda mwenyewe. Safari ya kwanza alimkuta amekaa nje, wakaongea habari za mvua na mbolea, basi. Safari nyingine mzee hakutoka hata chumbani. Salumu alikuwa anarudi nyumbani amenyong'onyea, nami namwandalia chakula kizuri zaidi, nikidhani huzuni ya mtu inatolewa kwa sahani!

Haikufika Pasaka, mzee akaanguka uani. Akaletwa hospitali mjini, upande mmoja umelegea, hawezi kusema. Mume wangu hakuondoka kitandani kwake. Alikuwa anamwinamia sikioni na kumwambia, "Baba, ni mimi, Simoni." Simoni! Alijirudishia jina lile mwenyewe, akitumaini baba yake ataitika. Mzee alikuwa anamtazama tu, chozi linamtoka jicho moja. Alitaka kusema nini? Alikuwa anamsamehe? Alikuwa anamlaumu? Hatutajua kamwe. Alikufa bila kutamka neno.

Alizikwa na kanisa lake. Mume wangu alisimama nyuma ya watu wote. Zile nyimbo anazijua tangu mtoto, kila ubeti. Nilimwona midomo inacheza, lakini sauti haitoki.

Baada ya siku za msiba, ndugu walikaa kugawana vitu vichache vya marehemu. Alikuwepo baba mdogo, mdogo wake mzee, aliyekuja kutoka Lusu kule Nzega. Likatajwa koti, zikatajwa jembe na viti. Walipofika kwenye kisu, baba mdogo akasema hicho kina mwenyewe, kisijadiliwe. Akamgeukia mume wangu.

"Si alikukabidhi Krismasi?" akamuuliza. "Wakati wa kulima aliniambia. Alisema safari hii atakupa wewe uchinje, kwa dini yako, ili mkeo na wajukuu zake wale. Alisema hataki kufa na ukaidi."

Salumu akasema, "Anikabidhi? Mimi?"

Baba mdogo akashangaa. "Kwani Rahel hakuwaambia? Si ndiye aliyetumwa?"

Watu wote wakamgeukia Rahel.

Kwanza alikana. Kisha akapasuka! Akasema ndiyo, alitumwa, na hakusema, na tumfanye tunavyotaka. "Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha!" akapiga kelele. "Mimi ndiye niliyekuwa namlisha! Kaka akipewa kisu kapewa na nyumba. Na huyu mkewe akihamia hapa na watoto wake, mimi mnanipeleka wapi? Mume alinirudisha kwa baba. Ninyi mngenirudisha kwa nani?"

Kisha akaninyooshea kidole. "Na habari ya samaki niliianza mimi? Aliyemwambia baba hatuna haja ya kisu chake ni mimi?"



Nikaelewa yote kwa mara moja. Mzee alikuwa anaamini tumeambiwa. Alijua tunajua kwamba anampa mwanawe kisu akiwa bado hai, jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba ile. Akatungoja. Tukaja na samaki! Akatutazama mmoja baada ya mwingine, labda mmoja wetu atasema ni mzaha, na sisi tukawa tunamchekea. Kwake yeye, lile ndilo lilikuwa jibu letu. Alikaa nalo miezi ile yote, peke yake chumbani, akaondoka nalo.

Baba mdogo alimsogezea mume wangu kisu. Salumu akakataa kukigusa. Akasema, "Kaa nacho wewe. Aliyetaka kunipa hakunipa."

Hakunipiga. Hakunifokea. Tukiwa njiani kurudi mjini aliniambia neno moja tu: "Nilisema tumuulize." Kumbe alikuwa mtoto wa baba yake kweli kweli. Tangu hapo na yeye amenyamaza.

Sasa hivi anaishi Igunga. Amepanga chumba, ananunua mpunga huko. Matumizi analeta, watoto anawapenda, hana mwanamke mwingine, nimechunguza. Mara moja moja anakuja. Nikimwekea chakula anasema amekula njiani. Nimepika kila ninachokijua! Nimepika ugali na mlenda kama wa kwao, nimepika uyoga, nimekopi mapishi kwa majirani. Anasema amekula njiani. Mama yangu alimwita akamkalisha chini. Akamjibu kwa adabu, "Mama, sina ugomvi naye." Na ni kweli hana. Mtu mwenye ugomvi mnagombana, yakaisha!

Krismasi iliyopita hakuja mjini kabisa. Alikwenda kijijini kukaa kaburini kwa baba yake, akarudi Igunga.

Rahel yumo ndani ya nyumba ile mpaka leo, hakuna aliyemtoa. Watu wananiuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe! Siwezi kudanganya. Lakini nikikaa peke yangu, nikikumbuka alivyosema "mnanipeleka wapi," nakosa hata nguvu ya kumchukia vizuri. Miaka yote ile mimi nilimjua wifi yangu kwa salamu za simu tu. Sikuwahi kujiuliza analala akiogopa nini.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mlioolewa kwenye nyumba zenye mila na dini tofauti na za kwenu, nawasihi kwa machozi. Msiwe wajanja kama mimi. Kama una jambo na mkweo, nenda kwake mwenyewe. Kaa chini, muulize kwa kinywa chako, usipite kwa wifi wala kwa shemeji wala kwa simu ya mtu. Usijifungie jikoni kwako ukaamua kitakachomfurahisha mtu ambaye hujawahi kuzungumza naye hata siku moja. Na ukimwona mzee anafungua mdomo, funga wa kwako. Mwache aseme! Mimi sekunde moja tu ya kunyamaza ingeniokolea ndoa, na ingemrudishia mume wangu baba yake.

Nimechelewa. Nasema haya kwa ajili yenu, si kwa ajili yangu. Mimi kwangu hakuna kilichobaki cha kutengeneza, aliyepaswa kuambiwa ukweli yuko kaburini.

Juzi Sada alikuwa ananisaidia kuchambua mchele. Sasa amekua, anauliza mambo. Akaniuliza, "Mama, babu alikuwa anapenda kula nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu... Mimi, mpishi wa mtaa mzima! Mkwe wake wa miaka yote ile! Baba yake Sada yuko Igunga, na kuhusu mzee hataki kuongea. Anayejua ni Rahel peke yake.

Nikamwambia mwanangu sijui. Tukaendelea kuchambua mchele.